Mgao Usiotangazwa

Mtu aliyekaa Dodoma kwa muda mrefu hahitaji kufundishwa maana ya mgao. Nchi yetu ya kati ni kavu. Mvua yake ni haba, nayo hunyesha kwa miezi michache tu baina ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka katika visima virefu vya Makutupora, na tangu serikali ilipohamia huku watu wameongezeka upesi kuliko maji. Kwa hiyo tunagawana. Mtaa huu hupata siku hii, mtaa ule siku ile; ratiba hutangazwa, na kila mama wa nyumba anajua siku ya kujaza mapipa na siku ya kufua. Twanung'unika, lakini hatusemi kwamba tumedanganywa. Nimeanza na maji kwa sababu nataka kueleza mgao wa namna nyingine, ambao haukutangazwa, ulioingia nyumbani kwangu bila ya kubisha hodi.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi nyimbo za Wagogo katika vijiji vya wilaya ya Chamwino. Muziki huu ulijulikana ulimwenguni kwa sehemu kubwa kwa juhudi ya marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Lakini wapo wapigaji wengi wa zeze na ilimba ambao sauti zao hazikupata kuvuka mpaka wa wilaya. Mmoja wao alikuwa mzee wa karibu na Mvumi. Katika misimu mitatu ya kiangazi alinipa nyimbo kumi na moja, kila moja pamoja na maelezo yake marefu. Alikuwa na desturi ya kusimamisha wimbo mbuzi akilia, akauanza upya tangu mwanzo, akisema kwamba mbuzi hakualikwa. Kwa ajili hiyo kazi ya siku moja ilichukua siku mbili, wala sijuti.

Mzee alipofariki, binti yake, ambaye ni muuguzi Uingereza, hakuweza kuja kumzika. Aliniandikia hivi: "Baba mdogo, nasikia unayo sauti ya baba. Naomba unitumie kabla ya arobaini. Ndugu walioko huku watakusanyika kwangu siku hiyo." Nikamjibu, "Mwanangu, utaipata." Zilikuwa zimesalia siku sita.

Mafaili yale yalikuwa mazito, kama gigabaiti tisa kwa jumla, kwa kuwa sikutaka kuyabana hata sauti ya uzi wa zeze ikafa. Nilichagua njia ya BitTorrent, ambayo ilibuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Wako watu wanaoisikia njia hii wakaifikiria kuwa chombo cha wezi wa filamu tu, na haifai kukana kwamba wezi wanaitumia, kama wanavyoitumia barabara. Lakini jinsi yake ya kufanya kazi ni ya ujima. Faili hukatwa vipande vingi vidogo. Kila aliye na kipande humpa asiyekuwa nacho, naye akishapokea huanza kuwapa wengine. Umeme ukikatika, kazi haipotei. Ukirudi, vipande huendelea kutoka pale vilipokomea. Kwa mtu wa Dodoma sifa hii ya mwisho peke yake yatosha. Fauka ya hayo, wenzangu wawili, mmoja Unguja na mmoja Nairobi, walikuwa na nakala za nyimbo tatu kati ya zile kumi na moja, nao wakakubali kusaidia.

Usiku wa kwanza nyimbo zao tatu zilifika Uingereza kabla sijalala. Zangu nane zilianza vizuri, kwa kasi ya kilobaiti mia nne kwa sekunde, nikahesabu kwamba saa nne na dakika chache zingetosha. Baada ya dakika tano hivi kasi ikashuka hadi nane. Si mia nane, nane. Kwa mwendo ule zingehitajika siku nane na zaidi, tena kama mashine isingezimwa hata mara moja, ilhali mchana nilikuwa kazini nayo imefungwa.

Lililonishangaza ni kwamba mambo mengine yote yalikwenda sawa. Nilisoma magazeti, nikatazama picha, nikazungumza kwa simu ya intaneti na mtu wa Arusha, wala hapakuwa na kikwazo. Tumekwisha kuonja intaneti mbovu katika nchi hii. Mwezi Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Lakini msiba ule uliwapata wote na kila kitu. Huu wangu ulichagua.

Siku ya tatu niliipigia simu kampuni inayonipa huduma. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu njema. "Mzee wangu," alisema, "naiona laini yako hapa, ni nzima kabisa. Labda kompyuta yako." Nikamwuliza kama wana utaratibu wa kupunguza kasi ya matumizi ya namna fulani. "Hapana, mzee wangu, hatuna." Nikaamini. Nilifungua mashine, nikaisafisha programu, nikabadili waya. Siku ya nne nikapiga tena. Mwingine akanijibu vilevile, akaongeza kwamba huenda tatizo lilikuwa upande wa mpokeaji. Jibu hilo halikunikaa vizuri, kwa kuwa mpokeaji alikuwa ameshapokea nyimbo tatu kutoka Unguja na Nairobi kwa usiku mmoja.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa cha Marekani ambacho nilikuwa nimekisoma zamani bila ya kukitilia maanani. Mwaka 2007 mhandisi mmoja, Robb Topolski, mkazi wa jimbo la Oregon, alikuwa akigawa kwa njia hiyohiyo nyimbo za kale za waimbaji wanne wanne, nyimbo za mwanzo wa karne ya ishirini ambazo hazina tena mwenye haki nazo. Akaona haziendi. Alichunguza, akagundua kwamba kampuni yake, Comcast, ilikuwa ikijiingiza katikati. Mwezi Oktoba mwaka huo shirika la habari la Associated Press lilifanya jaribio lake lenyewe, nalo lilichagua kitu ambacho hakuna awezaye kukiita cha wizi: Biblia ya Kiingereza ya King James. Biblia nayo ikakwama.

Namna ya kuzuia ndiyo iliyonishika. Kompyuta mbili zinapozungumza, kila moja ina haki ya kumwambia mwenzake kwamba mazungumzo yamekwisha. Vyombo vya kampuni vilitunga ujumbe huo na kuupeleka pande zote mbili, kila upande ukidhani kwamba ni mwenzake aliyeaga. Fikiri, msomaji, kwamba unazungumza na ndugu yako kwa simu, na mtu wa tatu anaiga sauti yake, anakwambia kwaheri; wakati huohuo anaiga sauti yako na kumwambia ndugu yako kwaheri. Kila mmoja anaweka simu chini akimlaumu mwenziwe. Mtu wa tatu halaumiwi na yeyote, kwa sababu hakuna anayejua kwamba yupo.

Kampuni kwanza ilikana, kisha ikasema kwamba haizuii bali inachelewesha. Mwezi Februari 2008, mkutano wa hadhara ulipofanyika katika Chuo Kikuu cha Harvard ili kulisikiliza shauri hilo, ilikiri kwamba ililipa watu wa kushika viti. Mwezi Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani iliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba kampuni imekosa, ikaiamuru iache na itangaze wazi utaratibu wake. Mwezi Aprili 2010 mahakama ya rufani ikaifuta amri hiyo, si kwa kusema kwamba jambo lile lilikuwa jema, bali kwa kuwa tume haikuwa na mamlaka ya kutosha kisheria. Tangu hapo kanuni za Marekani zimepanda na kushuka: ziliwekwa mwaka 2015, zikaondolewa mwaka 2017, zikarudishwa mwaka 2024, na Januari 2025 mahakama nyingine ikazitengua.

Siku ya sita, ambayo ndiyo ilikuwa arobaini yenyewe, nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Saa mbili usiku nilichukua wimbo mmoja, nikampelekea mwenzangu wa Nairobi kwa njia ya kawaida ya tovuti: kilobaiti mia nne. Nikampelekea uleule kwa BitTorrent: nane. Kisha katika programu nikafungua kifungo cha usimbaji, ambacho huyafumba maneno yanayopita ili aliye njiani asitambue ni ya namna gani. Kasi ikapanda hadi mia tatu na hamsini. Nikakifunga, ikarudi nane. Nikakifungua, ikapanda. Nilirudia mara tano, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Sisemi kwamba nimeuona mkono. Yamkini haukuwa wa kampuni ninayoilipa. Yamkini ulikuwa wa yule anayeiuzia kampuni hiyo intaneti kwa jumla. Lakini hapana shaka kwamba palikuwa na mkono, na kwamba ulikuwa ukisoma bahasha kabla ya kuamua ni ipi itembee na ipi itambae.

Niliiwekea kazi ile mafumbo hayo saa tatu usiku. Ikamalizika baada ya saa saba. Katika njia hii vipande huja bila ya mpangilio, hata wimbo hauwi wimbo mpaka kipande chake cha mwisho kifike; kwa hiyo siku zile zote sita hapakuwa na hata mmoja kati ya nane uliokuwa mzima. Asubuhi nilikuta ujumbe: "Baba mdogo, zimefika. Watu walikuwa wamekwisha kwenda. Nilizisikiliza peke yangu. Ule wa sita ndio aliokuwa akiuimba tulipokuwa wadogo." Wimbo wa sita ulikuwa katika nane zile.

Nataka kuwa mwadilifu kwa kampuni, ingawa moyo haupendi. Waya wa mtaa ni mmoja na watumiaji ni wengi. Jirani mmoja anayepakua filamu usiku kucha aweza kuwanyima kumi wengine hata ukurasa wa gazeti, na huyo jirani yupo katika kila mtaa. Kwangu namfahamu na watoto wake. Kampuni haina budi kugawa. Comcast yenyewe, ilipobanwa, ilibuni mgao ambao haukujali mtu anatumia intaneti kwa kazi gani, na tangu Oktoba 2008 ikatangaza kikomo cha gigabaiti 250 kwa mwezi kwa kila nyumba. Watu waliguna. Lakini ilikuwa ratiba, na mtu aweza kupanga maisha yake kwa ratiba. Hata vifurushi vyetu vya simu, ambavyo tunavilalamikia kila siku, vina namba iliyoandikwa, nayo ikiisha huambiwa mteja kwamba imekwisha.

Mimi sikunyimwa kasi tu. Ningeambiwa siku ya tatu, "Mzee, njia hiyo tunaipunguza tangu jioni hadi usiku wa manane," ningekasirika kwa dakika kumi, kisha ningezipeleka nyimbo kwa tovuti ya kawaida na zingefika siku tatu kabla ya arobaini. Au ningezibana, sauti ya uzi ikafa kidogo, nazo zikasikika mbele ya ndugu. Njia zilikuwepo. Lililonizuia kuzitafuta ni neno la yule kijana, "laini yako ni nzima," na sidhani kwamba alisema uongo kwa makusudi. Naamini kwamba yeye naye hakuambiwa.

Baadaye niliutoa mkataba wangu kabatini. Katika ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kampuni yaweza kuchukua hatua za kusimamia msongamano. Hatua zipi, saa ngapi, kwa matumizi yapi, haikuandikwa. Na ile njia ya kujificha iliyoniokoa nayo haiko huru kabisa nchini mwetu: mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka wanaotumia VPN, ambazo ni ndugu wa karibu wa mafumbo yale, wajiandikishe. Wana sababu zao. Nami nina yangu ya kusikitika kwamba mteja mwaminifu alilazimika kujifunika uso ili apate alichokilipia.

Nimeiandikia kampuni barua ya ukurasa mmoja. Sikudai fidia. Niliomba jedwali tu: saa zinazopunguzwa, huduma zinazopunguzwa, na kasi inayosalia, ili lipachikwe ofisini kwao mahali ambapo wateja huketi kungoja. Imepita miezi miwili bila ya jibu. Sijahama, kwa maana hakuna kampuni nyingine iliyofikisha waya katika mtaa wangu. Nina nyimbo za kinamama wa muheme za kupeleka Nairobi wiki ijayo, nami nitaamka saa tisa usiku kuzianzisha, ambayo kwa kawaida ndiyo saa yetu ya kukinga maji.