Majuma Sita ya Kihispania

Msomaji kijana, ukiitazama ramani ya Kenya utaliona jina la Bura zaidi ya mara moja. Iko Bura ya Taita, penye milima. Iko Bura ya magharibi ya Mto Tana, penye mashamba ya kumwagiliwa maji. Na iko Bura ya mashariki ya mto, katika Kaunti ya Garissa, ambako ndiko kwetu. Nalizaliwa huko katika jamaa ya wafugaji wa Kisomali. Nakutajia hayo mapema kwa sababu nataka kukusimulia habari ya kujifunza Kihispania, nami najua swali litakalokujia mdomoni ni lile lile lililowajia majirani zetu wote: mtu wa Bura na Kihispania, wapi na wapi?

Swali hilo ni la haki. Kihispania ni lugha ya Hispania na ya sehemu kubwa ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Watu wapatao milioni 500 huisema tangu utotoni, na katika bara letu ni lugha ya serikali nchini Guinea ya Ikweta. Hakuna nchi hata moja katika hizo inayopakana nasi. Lakini mwezi wa Juni mwaka 2018 serikali ya Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwagawa katika kaunti, na kaunti za kaskazini mashariki zikapata fungu lao. Mwaka huo huo Kenya ilipeleka madaktari wake 50 Cuba kusomea udaktari wa familia, nao iliwalazimu kujifunza Kihispania, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia huko. Wakati huo nalikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Nairobi. Chuo kilitangaza mafunzo ya Kihispania ya mkazo kwa watu wasiojua hata neno moja: majuma sita ya likizo, siku tano kwa juma, saa nne kila asubuhi. Jumla yake ni saa 120. Naliandikisha jina langu siku ya kwanza.

Yafaa ujue jinsi sisi wa kandokando ya Tana tunavyozipata lugha. Kisomali nalikinyonya pamoja na maziwa. Kiorma nalikipata visimani na malishoni, kwa maana ng'ombe wa jirani hawaulizi mipaka. Kipokomo kilinijia kutoka kwa wakulima wa ukingoni waliotuuzia maembe na ndizi. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya mtumbwi; na ng'ambo ya pili, katika mashamba ya mradi, walikaa watu waliohamia tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kutoka karibu kila pembe ya Kenya, hata mtoto akipiga chafya hukujua ataombewa afya kwa lugha gani. Kiingereza kilikuja na shule. Ukiacha hicho cha mwisho, hakuna lugha hata moja katika hizo ambayo naliketishwa chini nikaambiwa kwamba leo tunaanza. Mtoto hupokea lugha kama ardhi ipokeavyo mvua, wala ardhi haihesabu matone.

Chuoni mambo yalikuwa kinyume. Huko nalihesabu kila tone. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane: wengi walitaka kazi ya kuongoza watalii, mmoja alikuwa mtawa aliyekuwa akijiandaa kwenda Bolivia, na mmoja alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, kwa ajili ya mpira wa miguu tu. Mwalimu wetu alikuwa Mkenya aliyesoma Hispania miaka mingi. Siku ya pili alipiga marufuku Kiingereza darasani. Mwenye haja ya kwenda kunywa maji aliomba ruhusa kwa Kihispania au alikaa na kiu yake.

Kazi ilikuwa nzito. Kila kitendo cha Kihispania kina mikia sita, mmoja kwa kila nafsi: hablo, nasema, hablas, wasema, habla, asema, hablamos, twasema, habláis, mwasema, hablan, wanasema. Jioni nalitembea barabarani nikinong'ona mikia hiyo, na wapita njia wakanipisha. Lakini katika juma la pili jambo lilianza kunidhihirikia ambalo kitabu hakikulitaja. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu waanzao na Kiingereza, kikawaonya kwa herufi nene kwamba katika Kihispania nafsi hukaa ndani ya kitendo, si nje. Onyo hilo lilitupita sisi bila kutugusa. Mswahili asema "nasema" na nafsi imo ndani tangu kale. Tofauti ni kwamba sisi huivisha kitendo kichwani, na Mhispania huivisha mkiani.

Tukaja kwenye njaa. Mwingereza husema kwamba yeye ni mwenye hali ya njaa. Mhispania husema tengo hambre, na neno kwa neno maana yake ni "nina njaa". Tengo sed, nina kiu. Tengo fiebre, nina homa. Tengo veinte años, nina miaka ishirini. Kisha tukaja kwenye maumivu, na hapo ndipo nalipotua kalamu. Mhispania hasemi kwamba anayo maumivu ya kichwa kana kwamba ni mali yake. Husema me duele la cabeza: kichwa chaniuma. Kichwa ndicho mtendaji, na mwenye kichwa ndiye mtendwa, sawasawa na Kiswahili. Na Kisomali nacho ni vivyo hivyo: madaxa ayaa i xanuunaya. Lugha tatu zisizokuwa na ukoo mmoja zimekubaliana juu ya nani amdhulumuye mwenzake mtu anapougua.

Maneno nayo yalikuwa na mambo yake. Waarabu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hata 1492, na lugha yao ilituachia sisi na Wahispania urithi kutoka sanduku moja. Mtu asiyetajwa jina, kwetu fulani, kwao ni fulano. Kadhi wetu kwao ni alcalde, ijapokuwa huko amegeuka kuwa mkuu wa mji. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán. Pamba huitwa algodón kutoka qutn ya Kiarabu, na mfereji wa kumwagilia shamba huitwa acequia kutoka saqiya. Nami nalipojifunza maneno hayo mawili naliuona mradi wa ng'ambo yetu, ambao hapo mwanzo ulipangwa kwa ajili ya pamba, umelala wote katika mstari mmoja wa daftari. Lakini neno lililonifurahisha kuliko yote ni dogo: hasta, yaani mpaka. Limetoka katika hatta ya Kiarabu, ambayo ndiyo hata yetu. Wazee wasemao "tangu asubuhi hata jioni" wanakaribia Kihispania kuliko wanavyojua. Meza na bendera nazo karibu ni zile zile, mesa na bandera, lakini hizo tulipewa na Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498, na Kireno ni ndugu wa Kihispania.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila neno linalofanana ni rafiki. Leo kwao maana yake ni "nasoma". Pera si lile tunda letu lenye mbegu nyingi, ni tunda jingine la nchi za baridi. Na baba, niwie radhi, ni ute unaotoka mdomoni. Siku tulipofika hapo mwalimu alilazimika kufunga kipindi mapema.

Kuhusu kitabu chenyewe nina neno moja. Kilijaa viwanja vya ndege, mikahawa na vyumba vya hoteli. Watu wake walikuwa wakiagiza kahawa tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, wala hakuna aliyewahi kuumwa. Kwa maoni yangu kitabu cha kumwanzisha mtu lugha kingeanzia mwilini: jicho, koo, goti, mgongo, kifua. Si kila mtu atapanda ndege, lakini kila mtu ana mgongo. Nalimwomba mwalimu anipe maneno hayo kando ya kitabu, naye alinipa, akanifundisha pia kwamba Wacuba huzimeza s zinazofunga silabi, hivyo nisiyasubiri maneno yaje mazima kama yalivyoandikwa.

Mwezi wa Desemba mwaka huo nalimpeleka bibi yangu, ambaye sisi humwita ayeeyo, katika hospitali moja ya serikali. Daktari alikuwa Mcuba mwenye sauti ya upole na Kiingereza kichache. Muuguzi alijua Kiingereza na Kiswahili, lakini hakujua Kisomali. Hebu fikiri safari hiyo: ayeeyo aniambie mimi kwa Kisomali, mimi nimwambie muuguzi kwa Kiswahili, muuguzi amwambie daktari kwa Kiingereza, na daktari ajifasirie kimoyomoyo kwa Kihispania, kisha jibu lirudi njia hiyo hiyo. Maumivu ya mwanamke mzee yangefikaje ng'ambo bila kulowa?

Nalisema, "Buenos días, doctor. Mi abuela no habla inglés." Siku njema, daktari. Bibi yangu hasemi Kiingereza. Daktari aliweka kalamu chini. Akauliza, "¿Dónde le duele?" Unaumwa wapi? Nalimfasiria ayeeyo, naye akagusa mgongo, kisha magoti, nami nikasema, "Le duele la espalda, y las rodillas." Akauliza tena, "¿Desde cuándo?" Tangu lini?

Wewe unayesoma haya umezoea kuhesabu miaka kwa tarakimu. Ayeeyo huihesabu kwa mambo yaliyotokea. Alianza kueleza jinsi mto ulivyoingia majumbani, jinsi alivyobeba watoto na mikeka iliyolowa, jinsi mbuzi walivyokwenda na maji, nami nalikuwa nikitafuta maneno ya mafuriko na ya mbuzi, nisiyapate yote, alipomaliza kwa kusema kwamba ulikuwa mwaka wa El Niño.

Daktari aliinua kichwa. "¿El Niño?"

"El Niño," ayeeyo akamjibu, pasipo kunitazama mimi.

Kila mtu mzima wa Bura analijua neno hilo. Ndilo jina la mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 zikaingia 1998, ambazo ziliufurisha mto Tana ukafunika mashamba na njia. Ni Kihispania halisi. Maana yake ni mtoto wa kiume, na walioliita hivyo ni wavuvi wa Peru, waliomkusudia Mtoto Yesu, kwa sababu maji ya bahari yao hupata joto karibu na Krismasi. Basi neno hilo lilikuwa limekwisha kusafiri kutoka Peru hata kwetu kabla mimi sijafika chuoni, na bibi yangu, ambaye hakupata kuingia darasani, alikuwa nalo tayari. Daktari aliandika 1997 katika karatasi yake. Waliendelea kutazamana kwa muda kama watu waliokutana na mtu wa kwao safarini.

Maelezo ya dawa yalikuwa marefu kuliko Kihispania changu. Hayo yalipita njia ya zamani, Kiingereza na Kiswahili, kwa kuwa dawa si jambo la kubahatisha.

Tarehe 12 Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba, Landy Rodríguez, mpasuaji, na Assel Herrera, daktari wa familia, walitekwa nyara mjini Mandera walipokuwa wakienda kazini asubuhi. Askari aliyewalinda aliuawa, nao wakavushwa mpaka hata Somalia. Wakati huo nalikuwa katika hatua ya pili ya masomo. Mwalimu alituletea habari hiyo imeandikwa kwa Kihispania, naye hakusema kitu. Hapo ndipo nalipojifunza neno secuestrados, waliotekwa, ambalo halikuwamo katika kitabu cha wasafiri. Wacuba waliokuwa katika kaunti za mpakani waliondolewa, akiwamo yule aliyemtibu ayeeyo. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mkataba na Cuba hautaendelea. Mwezi wa Februari mwaka 2024 kundi la Al-Shabaab lilitoa habari kwamba madaktari wale wawili wameuawa katika shambulio la anga mjini Jilib.

Mwishoni mwa mwaka 2023 El Niño ilirudi, na mto ukatoka tena kitandani mwake. Jioni moja redio ilipolitaja neno hilo ayeeyo aliniuliza yuko wapi daktari yule aliyejua habari za mwaka wa maji. Nalimwambia amerudi kwao, ng'ambo ya bahari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko nako mvua ni nyingi.