Sousse: Ribat, Ufuo na Amana ya Mgeni



Wapenzi wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi wetu, wengi mmetuuliza tulichokiona Tunisia mwaka 2018, tulipokwenda walimu watatu wa madrasa kwa semina ya kusomesha Kiarabu. Tuliona mengi, Alhamdulillah, lakini leo tutauzungumzia mji mmoja tu, Sousse, ambao Waarabu wanauita Susa. Uko kwenye pwani ya Bahari ya Mediteranea, kiasi cha kilomita 140 kusini ya Tunis, na treni inakuteremsha karibu kabisa na mji wa kale.

Sousse ni kama miji miwili iliyokaa ubavu kwa ubavu. Upande wa kaskazini kuna ufuo mrefu wa mchanga, na mahoteli yamepangana kwa kilomita nyingi. Huko macho yana kazi ya kuinamishwa, hasa mchana. Upande wa pili kuna mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe wa karne ya 9, wenye vichochoro vyembamba, maduka ya ngozi na vyungu, na watoto wakikimbizana. Tangu mwaka 1988 mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwenzetu aliyesoma Lamu alisema kama si baridi angedhani yuko nyumbani kwa masheikh zake.

Msikiti wa Jamia ulijengwa mwaka 851. Ukiutazama kwa nje utadhani ni ngome, kwani kuta zake ni nene na pembeni una minara mifupi ya duara. Watalii huishia uani, Waislamu huingia ndani kuswali. Wenyeji wengi ni Maliki, na wengine huswali mikono ikiwa imeteremshwa. Wanafunzi wetu wa Fiqh wasishangae wakiona hivyo, hayo ni madhehebu ya watu wa elimu.

Hatua chache kutoka hapo ipo Ribat. Hili ni jengo la mraba lenye uwanja katikati, vijumba vidogo vya kulala pembeni, chumba cha Swala ghorofani, na mnara wa kuchungulia bahari uliojengwa mwaka 821. Waliokaa humo waliitwa murabitun. Kazi yao ilikuwa kulinda pwani dhidi ya wavamizi wa baharini, na wakati wa utulivu walisoma na kufanya ibada. Leo unakata tiketi ndipo uingie. Tulipanda ngazi za mnara, na kule juu tukauona msikiti, bandari na ufuo wa mahoteli, vyote kwa mtazamo mmoja.

Kutoka bandari hiyo, mwaka 827, iliondoka jeshi la majini kwenda Sicily. Aliyeliongoza alikuwa kadhi wa Kairouan, Asad ibn al-Furat, mzee wa karibu miaka 70. Alisoma Madina kwa Imamu Malik, kisha Iraq kwa Muhammad ibn al-Hasan al-Shaybani, ambaye Imamu Shafi naye alisoma kwake. Alifariki mwaka 828 wakati wa kuuzingira mji wa Syracuse. Zingatieni jambo moja: mwanachuoni mkubwa kama huyu hakujituma. Alitumwa na Amiri wa nchi, kwa jeshi lililojulikana, kukabiliana na jeshi jingine.

Tunalisema hili kwa sababu maalumu. Tarehe 26 Juni 2015, siku ya Ijumaa, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, kijana mwanafunzi wa chuo kikuu alikuja na bunduki katika ufuo wa hoteli moja kaskazini ya mji huu. Aliua watu 38, na 30 kati yao walikuwa Waingereza. Kundi la Daesh likajigamba kuwa ni askari wao.

Ndugu zangu, maneno ambayo vijana kama huyo wanadanganywa nayo ni haya haya tunayowasomesha watoto wenu: jihadi, ribat, shahada. Tukiwasomesha neno bila ya hukumu zake, mwingine atakuja kuwajazia maana yake. Fiqh inatufundisha kwamba mgeni aliyeingia nchi ya Waislamu kwa idhini ana amani, na damu yake na mali yake ni haramu kuguswa. Viza iliyogongwa kwenye pasipoti yake ni ahadi, na kuvunja ahadi ni hiana. Kwamba amevaa vibaya au anakunywa pombe hakumwondolei amani hiyo hata kidogo. Ovu lile tunalichukia, na mwenye nalo bado tuna ahadi naye.

Siku ile ile, wafanyakazi Watunisia wa mahoteli, wengi wao bila shaka wakiwa na saumu, walijipanga mstari ufuoni wakaikinga njia kwa miili yao ili wageni wasifikiwe. Hawakuwa na silaha. Kwetu sisi, hao ndio waliosimama mahali pa murabitun wa zamani, wakilinda pwani yao na ahadi ya nchi yao.

Kuna ribat nyingine ambayo mlango wake haujafungwa. Mtume (s.a.w.) alitaja kutimiza udhu wakati wa uzito, kukithirisha hatua za kwenda misikitini na kungojea Swala baada ya Swala, akasema hiyo ndiyo ribat. Baada ya Magharibi, katika msikiti ule wa Sousse, tuliwaona wazee wakibaki wamekaa kungojea Isha, tasbihi mkononi, na nje sauti za muziki zikisikika kwa mbali. Hakuna aliyewatoza tiketi.

Wazazi, muulizeni mtoto amesoma nini, na pia kwa nani, hata kwenye simu yake. Nanyi wanafunzi, mkikutana na neno zito la dini, likimbizeni kwa mwalimu kabla hamjalikimbilia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa nafsi zao na atulindie vijana wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.