Imetoka au Umetoa?

Mwaka wa kwanza wa shahada yangu ya uzamili nilipata kibarua cha kusikiliza. Mradi mmoja wa utafiti ulikuwa umewahoji wanawake waliotibiwa hospitalini baada ya mimba zao kuharibika, ukahitaji mtu wa kunakili mahojiano neno kwa neno. Mimi nasoma isimu ya Kiswahili, sisomi udaktari. Nilipewa hedifoni, mafaili ya sauti na karatasi ya kuahidi kutunza siri, nikasaini. Kwa hiyo humu hutakuta kisa cha mwanamke hata mmoja kati yao. Nitasema jambo moja tu, kuhusu vitenzi.

Karibu kila aliyezungumza alisema mimba "ilitoka". Ilitoka, iliharibika, iliporomoka. Wengine walisema "nilisafishwa", wakaishia hapo. Kitenzi "kutoa" nilikisikia mara nyingi, ila kilikuwa cha watu wengine: jirani alitoa, binti wa fulani alichoropoa. Katika nafsi ya kwanza hakikuwapo.

Mwanafunzi wa sarufi lazima aone kitu hapo. "Kutoa" na "kutoka" ni maneno ndugu, lakini la kwanza lina mtenda na la pili halina. "Kuharibika" ni kauli ya kutendeka: jambo limetukia, aliyelifanya hatajwi. Hata matibabu yenyewe hospitalini yanaitwa huduma baada ya mimba kuharibika. Mwanamke mwenye hofu anapochagua kati ya "imetoka" na "nimetoa", anachagua kati ya kuwa mgonjwa na kuwa mshitakiwa.

Hofu hiyo ina chanzo kinachojulikana. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, tuliyorithi kutoka enzi ya Waingereza, inasema katika kifungu cha 150 kwamba anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kifungu cha 151 kinamgusa mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Kifungu cha 152 kinamgusa anayetoa dawa au vifaa, hadi miaka 3. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, ambayo ibara yake ya 14 inakwenda mbali zaidi na kutaja ubakaji, maharimu, na hatari kwa afya ya mwili na ya akili ya mama. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu vimebaki palepale. Kenya ilichukua njia nyingine: ibara ya 26 ya Katiba yake ya 2010 inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini. Hata huko, mwaka 2013 Wizara ya Afya iliondoa miongozo yake yenyewe iliyowaelekeza wahudumu, na ilichukua hadi Juni 2019 kwa Mahakama Kuu kusema kwamba kuiondoa kulikuwa kinyume cha sheria.

Sheria kali haijafanya jambo lenyewe liwe adimu. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 wakatibiwa vituoni kwa matatizo yaliyofuata. Kwa Kenya, makadirio ya mwaka 2012 yalikuwa karibu 465,000, na waliotibiwa karibu 120,000. Hao ni waliofika. Aliyebaki chumbani kwake kwa kuogopa swali la mapokezi, kituo hakina daftari la kumwandika.

Nilikuwa nimeshanakili saa nyingi za mahojiano nilipogongewa mlango hosteli, usiku wa masika, mvua ikinyesha. Alikuwa binti wa mwaka wa pili kutoka chumba cha jirani. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na yeye mwenyewe ameisoma makala hii kabla sijaituma.

"Dada, samahani, umelala?"

"Bado. Karibu."

Hakuingia. "Kuna rafiki yangu anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo. Na homa. Damu inamtoka tangu juzi."

"Anabadilisha pedi mara ngapi?"

Alifikiri kidogo. "Mbili kwa saa. Tangu saa moja jioni."

Ilikuwa inakaribia saa tano usiku. Alikuwa amejifunga khanga mbili, anatetemeka, na jasho linamtiririka usoni. Sikumuuliza rafiki huyo anakaa chumba gani. Nilimwambia, "Basi twende tumpeleke, mdogo wangu. Chukua kadi yako ya bima."

"Wataita polisi, dada."

"Twende kwanza."

"Na nyumbani wakijua?"

"Wakijua watakukuta mzima."

Tulipata bajaji getini. Kutwa nzima, aliniambia njiani, alikuwa anahesabu: akienda hospitali atafungwa, asipoenda labda itakata yenyewe. Mwenzake mmoja alikuwa amemwambia damu nyingi ni dalili nzuri, maana yake dawa imefanya kazi.

Mapokezi kulikuwa na benchi refu lililojaa watu. Muuguzi wa dirishani alimtazama, akauliza kwa sauti ya kawaida, ile ambayo benchi zima huisikia: "Imetoka au umetoa?"

"Imetoka," akajibu mdogo wangu.

"Imetoka yenyewe? Nyie wa vyuoni mimba zenu zinatoka zenyewe tu kila siku." Akaandika kitu kwenye kadi. "Kaeni pale."

Tulikaa. Nilirudi dirishani mara mbili, mara zote mbili nikaambiwa foleni ni foleni. Ilipita karibu saa nzima. Aliyetuokoa ni mama mmoja muuguzi, mtu mzima, aliyekuwa anapita na trei ya sindano. Aliona khanga ilivyolowa, akaweka trei chini, akamgusa paji la uso. Hakuuliza foleni. Alimshika mkono hadi nyuma ya pazia, akampima presha, mapigo na joto, na akasema maneno ambayo nimeyaandika siku hiyohiyo ili nisiyasahau:

"Mwanangu, mimi siyo polisi wala siyo mchungaji wako. Ukiniambia ulichotumia nitajua pa kuanzia. Usiponiambia nitakutibu vilevile, ila nitakuwa napapasa."

Nilitoka nje ya pazia ili wabaki wawili. Pazia ni kitambaa tu. Nikamsikia akisema: "Nilitumia." Baada ya saa zote zile za hedifoni, hicho ndicho kilikuwa kitenzi cha kwanza nilichokisikia kikiwa na mwenyewe.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Alitundikiwa dripu, akachomwa antibaiotiki, daktari akaja akamsafisha kwa pampu ya mkono. Mabaki yalikuwa yamebaki ndani ya mfuko wa uzazi na maambukizi yalikuwa yameanza. Daktari alinieleza kwa upole kwamba maambukizi ya aina hiyo yakiachwa huingia kwenye damu, na hapo hata hospitali kubwa inaweza kushindwa. Baada ya siku mbili aliruhusiwa. Wiki iliyofuata alifanya mtihani wake wa majaribio.

Nimelifikiria sana lile swali la dirishani. Kitabibu, halina kazi kubwa. Mimba ikiwa imetoka nusu, iwe yenyewe au kwa kutolewa, matibabu ya msingi ni yaleyale: kuzuia damu isiendelee kupotea, kuondoa mabaki, kupambana na maambukizi. Swali la yule mama, "umetumia nini?", ndilo lenye kazi. Mtu aliyeingiziwa kijiti au chuma anaweza kuwa ametobolewa mfuko wa uzazi au utumbo, na anahitaji kukingwa dhidi ya pepopunda. Aliyekunywa mchanganyiko asiojua ni wa nini anaweza kuwa na sumu mwilini. Aliyemeza vidonge ana hali nyingine. Maswali yote mawili yanauliza jambo la siri, lakini mgonjwa hutambua mara moja lipi linatafuta kosa na lipi linatafuta dawa.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu vifo vya uzazi na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mdogo wangu alipata wa kwanza chumbani kwake na wa tatu kwenye benchi. Wa kati ulikuwa mfupi, kwa sababu bajaji ilikuwepo na mimi nilikuwa na hela. Nawaza binti aliyeko kijijini, ambaye wa kati peke yake ni saa nne za barabara mbovu.

Baada ya usiku ule niliwauliza wakufunzi wa mradi wetu kila kitu. Nayaandika hapa kwa ajili ya msomaji anayefikiria jambo hili sasa hivi, au ambaye rafiki yake anafikiria.

Shirika la Afya Duniani linasema utoaji mimba ukifanywa kwa njia inayopendekezwa, ikilingana na umri wa mimba, na aliyefunzwa akihusika, hatari yake ni ndogo. Mwongozo wake wa mwaka 2022 unazungumzia dawa na pampu ya kufyonza, na unawataka wahudumu waache kukwangua kwa chuma. Hatari inaingia pale asiyejua anapofanya, au mahali pasipofaa, au vyote viwili. Shirika hilo linakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya mimba zinazotolewa duniani hutolewa hivyo.

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wengi huhesabu tangu siku waliyokutana na mwanaume, na hivyo wanakosea kwa wiki mbili hivi. Wiki mbili zinaweza kubadilisha kinachofaa na kisichofaa.

Mimba inaweza kutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija. Vidonge haviiondoi. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo na nje huioni. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, kuzimia au maumivu ya bega ni safari ya hospitali papo hapo.

Majivu, chai ya rangi iliyokolea, bluu ya kufulia, mizizi isiyojulikana, kijiti cha muhogo: vyote hivi vimetajwa katika tafiti zilizofanywa nchini. Vinaweza kumdhuru mama na mimba ikabaki palepale. Kidonge kisicho na pakiti, kilichofungwa kwenye karatasi na mtu usiyemjua, hakina jina wala kipimo wala tarehe.

Kulowesha pedi mbili kubwa kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, si dalili nzuri. Homa isiyoshuka siku ya pili, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo yasiyotulia kwa dawa, kuzimia: lolote kati ya hayo, nenda. Tiba ya matatizo hayo hutolewa hospitalini, na mtu hapaswi kuikosa kwa sababu ya jinsi mimba ilivyotoka.

Na baada ya yote, mimba nyingine inaweza kuingia ndani ya wiki mbili, kabla hata hedhi haijarudi. Njia ya uzazi wa mpango inaweza kuanza siku hiyohiyo ya matibabu kama mwenyewe anataka.

Najua baadhi ya wasomaji wanaamini mimba haipaswi kutolewa kamwe. Nyumbani kwetu pia wanaamini hivyo, na sijaandika ili kuwabadilisha. Yupo pia ambaye bado hajaamua, na huyo anahitaji mtu wa kukaa naye asiyemharakisha. Kushauriwa si kushawishiwa. Hadi Novemba 2021 mwanafunzi wa shule aliyepata mimba alikuwa haruhusiwi kurudi darasani katika shule za serikali. Sasa anaruhusiwa, na wapo wasiojua. Kuna uamuzi unaofanywa kwa kuogopa kitu ambacho kimeshaondolewa.

Lakini iwe mtu anaamini hivi au vile, binti aliyefika mapokezi na homa na damu amekwisha kuamua jambo moja, nalo ni kutaka kuishi. Anayempokea anaweza kumsaidia katika hilo au kumwuliza kitenzi.

Dalili zile za hatari niliziandika kwa mkono kwenye karatasi moja, herufi kubwa, bila neno la sheria wala la dini, nikaibandika ndani ya mlango wa choo cha ghorofa yetu. Wiki ya kwanza ilichanwa. Nikaandika nyingine. Hiyo ina miezi minne sasa, na chini yake mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu namba ya dereva wa bajaji anayekesha.