Namba ya Chini Si Ushahidi wa Wizi

Leo naandika juu ya kompyuta, lakini mwisho wake ni juu ya jina la mtu.

Mnaijua ile kompyuta ya mezani ya kikundi, tunayoitumia kukata video na kuandika barua za kazi. Ilikuja na prosesa ya Core i3-2100, yenye viini viwili. Viini ni kama wafanyakazi: wakiwa wawili wanagawana kazi yote. Video ya dakika tano ilikuwa inatuchukua jioni nzima. Watu 14 tukachanga pesa, Yaya akapanda basi hadi Kampala, akarudi na prosesa ya mtumba, Core i7-2600. Hii ina viini vinne, inashika kazi 8 kwa wakati mmoja, na inaingia kwenye soketi ileile ya LGA 1155. Akaleta pia kipande cha pili cha RAM cha GB 4.

Tukapima kwa programu ya 7-Zip. Ni ya bure, ni ndogo, ina kipimo ndani yake na haihitaji intaneti. Prosesa ya zamani ilikuwa imetoa alama kama 7,600. Mpya ikatoa 8,900. Watu walitegemea zaidi ya mara mbili. Hapo maneno yakaanza. Eti Yaya amenunua kitu bandia. Eti nusu ya pesa aliila njiani. Kufika Jumapili kulikuwa na watu ambao hawamsalimii tena.

Mimi ndiye ninayetunza mashine, basi nikaomba siku tatu kabla ya kikao. Nilichofanya ni hiki, na nakiandika kwa mpangilio ili kesho ukutane nacho usipotee.

Kwanza nilitazama kama kitu chenyewe ndicho. Programu ya CPU-Z inakuonyesha jina la prosesa, viini vyake na mwendo wake. Ilisema i7-2600, viini vinne. Bado mtu mmoja akasema jina kwenye kioo linaweza kudanganywa. Sawa. Nikafungua mashine mbele yake, nikafuta ile dawa ya kupitisha joto, akasoma mwenyewe maandishi yaliyochongwa juu ya chuma. Ni yenyewe. Kwa upande wa Yaya, kesi ilikwisha hapo. Ila alama zilikuwa bado chini, na watu wakiona namba ya chini hawaridhiki mpaka wapate wa kumlaumu.

Pili, nilipima kwa usawa. Mashine iliyokaa wiki mbili bila intaneti, ukiiunganisha tu, Windows inaanza kushusha mambo yake, na kinga ya virusi nayo inapekua kila faili. Ukipima wakati huo unapima mabaki ya nguvu. Nikakata intaneti, nikafunga kila kitu, nikasubiri dakika kumi, nikapima mara tatu na kuandika kwenye daftari. Ikapanda kidogo sana, 9,300. Basi shida kubwa ilikuwa mahali pengine.

Wengi walisema ni sola, umeme wake ni dhaifu. Hapana. Kompyuta ya mezani ikikosa umeme wa kutosha kwa kawaida inazima au inajiwasha upya. Haikai ikitembea polepole kwa adabu.

Tatu, nilitazama mwendo wakati kipimo kinaendelea. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanatazama mashine ikiwa imepumzika, na prosesa iliyopumzika hujipunguza yenyewe, ni kawaida yake. Lazima uitazame ikiwa kazini. i7-2600 mwendo wake wa kawaida ni GHz 3.4. Yetu ilikuwa kazini na imekwama 1.7. Nusu kamili. Nusu kamili haiji kwa bahati, kuna mtu ameiweka. Nikaingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, pale unapoamua prosesa itumie asilimia ngapi ya nguvu zake. Imeandikwa 50. Fundi wa sola ndiye aliyeiweka mwaka uliopita ili betri zifike usiku, na alifanya vizuri, maana betri ni za watu wote. Hakuna aliyemuuliza, na prosesa mpya ikarithi kamba ya ile ya zamani.

Nikarudisha 100. Kipimo cha kwanza: 16,000! Watu wakapiga makofi. Cha pili 14,000. Cha tatu 12,000. Makofi yakaisha.

Alama zikianza juu na kuteremka kila mzunguko, fikiria joto. Prosesa ikikaribia kuungua inajipunguza mwendo ili isife. Nikatazama nyuzi joto: 97. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, vumbi letu jekundu lilikuwa limejaa kati ya mapezi ya kipoza joto kama udongo wa kukandika ukuta. Ya pili, kipoza chenyewe kilikuwa cha prosesa ya zamani. Ile i3 imepangiwa wati 65, i7 hii imepangiwa wati 95. Umeleta mzigo mkubwa, umeacha punda wa zamani. Tulikuwa na mashine iliyokufa ya aina ileile, yenye kipoza kikubwa chenye shaba katikati. Nikakihamisha, nikasafisha feni kwa brashi ya rangi iliyo kavu, nikaweka dawa mpya ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya mchele. Joto likabaki 74. Alama zikafika 18,200 na zikakaa hapo mizunguko yote.

Nne, RAM. CPU-Z ilionyesha vipande viwili vinafanya kazi kwa njia moja tu, kwa sababu vilikaa kwenye nafasi zisizo za jozi. Nikafuata mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko, nikahamisha kimoja. Alama 19,100. Ni ongezeko dogo, lakini ni la bure: kubana mafaili kunategemea sana memori, na njia mbili zinapitisha data nyingi kuliko moja.

Angalieni basi: hakukuwa na kosa moja. Yalikuwa manne madogo, kila moja limejificha nyuma ya lingine. Ningebadilisha yote kwa mpigo nisingejua lipi ni lipi. Badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uguse kingine. Na usilinganishe alama zako na za mtu aliyetumia toleo lingine la programu, hizo ni mizani mbili tofauti.

Tusidanganyane pia. Hii ni prosesa ya mwaka 2011. Mashine mpya za bei ya wastani zitaipita, na hakuna dawa ya hilo. Lakini video ya dakika tano sasa inaisha wakati chai inachemka na kunywewa. Betri zikishuka jioni tunarudisha ile 50, safari hii kwa kujua, na karatasi imebandikwa juu ya kioo kueleza.

Kikao kilifanyika. Nilisoma daftari, namba kwa namba. Watatu walimwomba Yaya msamaha mbele ya watu. Mmoja bado. Yaya alisema neno moja tu: kwamba alitunza risiti tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemwomba aionyeshe.

Neno hilo limenikaa. Sisi tunajua uchungu wa kuhukumiwa kwa karatasi, mtu anasoma mstari mmoja wa faili yako na anafikiri amekujua. Tusifanyiane hivyo wenyewe kwa wenyewe. Na ninyi wafanyakazi wa misaada, mkisikia mradi wa vijana umetoa matokeo ya chini, kabla ya kuuliza nani amekula pesa, ulizeni kwanza ilipimwa vipi, na kuna kamba gani iliyofungwa zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifungua.

Daftari liko kwenye meza ya kompyuta. Anayetaka kujifunza kupima, aje Jumamosi mchana, wakati jua lipo.