Shabaha Tatu za Mwalimu wa Kiswahili

Mwaka wa masomo uanzapo mwezi wa Januari, walimu wengi wa Kenya huandika maazimio yao: kumaliza mafunzo yote kwa wakati, kusahihisha insha kila juma, kuongeza alama za mtihani. Hayo yote ni mema. Lakini yuko mwalimu mmoja wa Kiswahili, afundishaye shule ya kutwa upande wa mashariki ya Nairobi, ambaye mwaka huu ameandika shabaha tatu tu, na katika hizo hamna neno alama.

Shabaha ya kwanza ni kupunguza maneno yake mwenyewe. Darasa lake lina wanafunzi 40 na kipindi ni dakika 40. Mwalimu akisema peke yake dakika 30, zimebaki 10, yaani sekunde 15 kwa kila mtoto. Nani ajifunzaye kuogelea kwa kutia mguu majini sekunde 15? Kwa hiyo amekusudia kuwagawa wawili wawili, mmoja awe muuza viazi, mwenziwe mnunuzi. Hapo, katika dakika zile zile 10, kila mtoto hupata kama 5 za kusema.

Ya pili ni kutafuta asili ya kosa kabla ya kulisahihisha. Mtoto wa Kikuyu achanganyapo "kura" na "kula" si mvivu, wala mtoto wa Kijaluo asemaye "sule" si mjinga, kwa kuwa lugha ya mama yake haina sauti ya "sh". Kadhalika, Kijaluo na Kikalenjin havina ngeli kama zile za Kikamba. Basi "kitabu yangu" yataka maelezo na mazoezi mengi.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuondoa aibu. Mwaka uliopita msichana mmoja alichekwa na darasa zima kwa neno moja tu, na tangu siku ile akawa hujibu kwa kutikisa kichwa. Wazee wengi hukumbuka kibao walichovishwa shingoni kwa kusema lugha ya kwao shuleni. Kicheko ni kibao kisichoonekana, na mwenye kuvishwa hujifunza kunyamaza. Kwa hiyo hata mtoto aletaye Sheng darasani hatafukuzwa wala kudhihakiwa. Ataombwa aseme jambo lile lile kama angeliandika barua ya kuomba kazi.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 1985 Kiswahili ni somo la lazima lenye mtihani, na Katiba ya 2010 ilikifanya lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, heshima hiyo itamfaa nini mwananchi aogopaye kufumbua kinywa mbele ya hakimu, au kumweleza daktari maumivu yake?

Wazazi nao wana sehemu yao katika kazi hii. Waswahili husema, kuuliza si ujinga. Mtoto arudipo jioni, asiulizwe alama peke yake. Aombwe asimulie jambo moja alilojifunza siku hiyo, naye asikilizwe mpaka mwisho, bila kukatizwa wala kuchekwa.