Maji ya Moto ya Kasumulu na Mapumziko ya Mama



Wengi wanaoijua Kasumulu wanaijua kama mpaka. Ni mahali pa kugonga mihuri, kubadilisha fedha na kuvuka mto Songwe kuingia Malawi. Lakini wenyeji wa Kyela wanajua kwamba hapo karibu kuna pia chemchemi ya maji ya moto, ambayo wataalamu wa miamba huiita Kasimulo. Sisi akina mama sita wa kikundi cha maombi na huduma ya wagonjwa tulikaa huko siku tatu. Pamoja nasi alikuwepo mama mkwe wa mwenzetu mmoja, mwenye umri wa miaka 67, ambaye magoti humsumbua.

Barabara ya lami kutoka Uyole inapanda hadi Tukuyu kwenye baridi na mashamba ya chai, kisha inateremka. Kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyoongezeka, migomba inachanganyika na mikakao, na mwisho unaona mashamba ya mpunga. Mashariki imesimama milima ya Livingstone, na chini yake ziwa Nyasa.

Maji haya yanapata wapi moto? Nchi yote hii imo ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi imepasuka, maji ya mvua yanazama chini sana, yanakutana na miamba yenye joto, kisha yanapanda tena kupitia nyufa. Ukipanda kuelekea mlima Kiejo utakuta chemchemi nyingine, kama Kilambo na Mampulo. Mwaka 2021 serikali, kupitia Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi, ilichimba visima vya majaribio huko Kiejo-Mbaka, ikitafuta joto la kuzalishia umeme.

Wajapani nao wanaishi juu ya ardhi ya volkano, na wamejenga nyumba za wageni kando ya chemchemi zao tangu zamani. Nyumba ya Keiunkan katika mkoa wa Yamanashi inahesabiwa kuwa ilianza mwaka 705. Mgeni huvua viatu mlangoni, hupewa vazi jepesi la pamba, na hulala kwenye godoro linalotandikwa sakafuni juu ya mikeka. Chakula huandaliwa na wenyeji, na mara nyingi huletwa chumbani. Wanawake wana bwawa lao na wanaume lao. Kabla ya kuingia bwawani kila mtu hukaa kwenye kigoda akajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka atakate, kwa sababu bwawa ni la kupumzikia, si la kuogea uchafu. Maji huwa ya nyuzi joto 40 hivi, au zaidi kidogo.

Kasumulu hatukukuta nyumba ya namna hiyo. Tulilala katika nyumba ya wageni ya kawaida, yenye chandarua na ndoo ya maji. Hata hivyo tulionja jambo lile lile la msingi: mtu mwingine alitupikia. Jioni tuliletewa wali wa Kyela kwa samaki, na asubuhi mbalaga. Mwenzetu mmoja mwenye watoto watano aliinuka mara mbili kwenda kuchochea moto jikoni, na mara mbili mwenye nyumba akamrudisha kitini. Asubuhi tuliamkiwa kwa Kinyakyusa, "Ugonile!" maana yake, umelala? Tulitazamana tukacheka, kwa sababu kweli tulikuwa tumelala.

Chemchemini tulichota maji kwa ndoo, tukayachanganya na maji baridi katika beseni, tukajisitiri kwa khanga na kukanda miguu. Bibi alifurahi mno. Magoti yalilegea, akatembea bila fimbo. Ndipo tukagundua kwamba vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye mkoba tangu siku tuliyoondoka, havijaguswa. Alisema, "Maji haya ameyaumba Mungu. Vidonge vimetengenezwa na watu."

Hatukubishana naye. Tulikuwa na kipimo chetu cha huduma, tukampima asubuhi kabla ya kukanda: 170 kwa 100. Baada ya maji ilikuwa 152 kwa 90. Akapiga vigelegele. Tukamwomba tumpime tena jioni, naye akakubali. Ilikuwa 174 kwa 102.

Tulimweleza kwamba joto hutanua mishipa ya damu, ndiyo maana presha ilishuka. Mwili ulipopoa, mishipa ikarudi kama awali. Maji yamesaidia magoti, lakini hayakuondoa ugonjwa. Mkwewe akapiga magoti mbele yake, akasema, "Mama, na hao waliotengeneza vidonge, aliyewaumba ni nani?" Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akaomba maji ya kunywa, akameza kidonge chake. Kesho yake tulipokuwa njiani tulimpitisha zahanati wamwone.

Akina mama, jambo hili si dogo. Presha haina kelele. Mgonjwa hujisikia mzima mpaka siku anapopooza upande mmoja. Katika Yohana sura ya 5 tunasoma habari za watu waliongoja kando ya birika la Bethzatha, na aliyemponya yule mgonjwa wa miaka 38 alikuwa Bwana mwenyewe, si maji. Tusiweke imani yetu kwenye maji, wala tusidharau dawa.

Mkienda kwenye chemchemi za moto, kumbukeni haya:

Maji ya chemchemi za huku yanaweza kufikia nyuzi joto 60 au zaidi, na joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Yachanganyeni kwanza na maji baridi, kisha pimeni kwa kiwiko, kama mnavyopima maji ya mtoto mchanga.

Msikae majini zaidi ya dakika kumi au kumi na tano. Inukeni polepole, hasa mnaotumia dawa za presha, na mnywe maji.

Mama mjamzito asijitie katika maji ya moto sana, hasa miezi mitatu ya kwanza. Vuguvugu yanamtosha. Mwenye kisukari asikande miguu kwa moto, kwani huenda asihisi anapoungua.

Katika ardhi ya volkano hutoka pia hewa ya kaboni, isiyo na rangi, na nzito kuliko hewa ya kawaida. Hutulia mashimoni na mabondeni. Mkiona ndege au wadudu wamekufa katika shimo, ondokeni na msiwaache watoto wachezee hapo.

Na kwa wale ambao safari haiwezekani, haidhuru. Chagueni jioni moja kwa mwezi. Baba au watoto wakubwa wapike, nanyi mjiwekee beseni la maji vuguvugu. Katika Marko sura ya 6 Bwana aliwaambia wanafunzi wake wajitenge na kupumzika kidogo, wakati watu walikuwa bado wengi na kazi haijaisha. Kazi ya mama nayo haiishi. Pumzikeni kabla haijawaangusha.