Kinanda cha Arusini

Sauti isikiwayo kila wiki hudharauliwa upesi kuliko sauti isikiwayo mara moja. Hali hiyo imeupata muziki wa arusi wa Mombasa, na hasa santuri moja yenye jina la Kiingereza, Mombasa Wedding Special, ya Maulidi Juma na kundi lake, Maulidi Musical Party. Ilitolewa na kampuni ya GlobeStyle ya London mwaka 1990. Hapa kwetu Kisauni naona ni wachache waijuao, ingawa nyimbo za namna yake zimewasindikiza maarusi wetu wengi.

Nilipompigia kijana mmoja, jirani yangu, aliniuliza kwa adabu, "Ami, hizi si nyimbo za arusini tu? Zina nini hata zikatiwa katika santuri?"

Swali lake lilistahili jibu. Nilimtaka asikilize kwanza ngoma. Humo mna mwendo wa chakacha, ngoma ya wanawake ichezwayo kwa kiuno katika shamrashamra za arusi. Kisha asikilize sauti, ipandavyo na kuzunguka kama ya waimbaji wa filamu za Kihindi. Maana watu wa Mombasa walizipenda filamu hizo, wakatwaa tuni zake na kuzivika maneno ya Kiswahili. Mwisho asikilize kinanda cha umeme, ambacho huviunganisha viwili hivyo.

Kabla yake kilikuwapo kinanda cha mkono kilichotoka Bara Hindi. Mkono mmoja ulibonyeza, na mkono wa pili ulivukuta upepo. Umeme uliukomboa mkono wa pili. Mpigaji mmoja akaweza kuiga fidla na filimbi, na sauti yake ikavuma juu ya mazungumzo ya wageni wote. Unguja, chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilisifika kwa safu yake ya fidla. Mzazi wa Likoni au Changamwe angewezaje kuwalipa na kuwalisha wapigaji wengi hivyo? Watu wachache na kinanda kimoja walimtosha. Marekani nako, kinanda cha Hammond kilianza kuuzwa mwaka 1935, kikapata soko katika makanisa yasiyomudu vinanda vikubwa vya mabomba. Baadaye kikaingia katika muziki wa soul na roki. Huko na huku, uchache wa fedha ulizaa sauti mpya.

"Lakini Ami," kijana alisema, "ngoma ni yetu, tuni ni ya Wahindi, kinanda ni cha Wazungu. Chetu hasa ni kipi?"

Nilimjibu kuwa pilau huungwa kwa viungo vya ng'ambo, wala sijamsikia mtu akiuliza arusini kuwa ni ya nani.

Santuri haikuhifadhi kila kitu. Arusini ubeti hurudiwa kadiri watunzaji wanavyoinuka na noti mikononi. Katika santuri wimbo hukoma wakati wake ufikapo. Haina harufu ya udi wala ya asumini. Lakini turubali likunjwapo alfajiri, nyimbo huondoka pamoja na wageni, na waimbaji huzeeka kama watu wengine. Santuri hubaki.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni alikuja, akanasa sauti zetu. Mwenyeji hataponea kwa kuja kwake tu, asipotega sikio mwenyewe.

Kijana aliiazima santuri kwa wiki moja. Sasa ni mwezi wa tatu, nami sijaidai.